Maharagwe ya Safari

Kwenye fleti zetu nyuma ya Adams, hapa Nairobi, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba safari ya Mpiga Picha imekufa. Tulinusa. Harufu ya maharagwe ilishuka ngazi kutoka orofa ya juu, ikapita mlango wetu, ikafika hadi kwa keretaka anayetunza fleti, kule getini, na mama yangu akaweka simu chini na kusema, "Haya. Huyo chui ameponea tena."

Wacha nieleze, kwa sababu najua si kila mtu amebahatika kulelewa chini ya mtu kama huyu. Lenzi ya kupiga picha za wanyama ni nzito kama mtoto wa kunyonya. Ukiishika kwa mikono ndani ya gari inatetemeka, na picha inatoka kama imepigwa na mlevi. Kwa hivyo wenye kazi hiyo huweka mfuko uliojaa nafaka kwenye dirisha la gari, wakailaza lenzi juu yake, ikatulia. Mfuko wa Mpiga Picha ulishonwa na mkewe kutoka mguu wa jinzi kuukuu, ukatiwa zipu, na ndani yake akajaza maharagwe ya wairimu, yale madogo mekundu. Aliyachagua mwenyewe kwenye sinia, moja moja, kwa sababu kajiwe kadogo tu kanaweza kukwaruza lenzi. Mchele, alisema, unateleza. Mahindi yanapiga kelele. Mchanga ni wa watu wasio na bibi nyumbani. Wairimu anakaa pale unapomwambia akae.

Safari ikikaribia, mfuko ulijazwa. Safari ikifa, mkewe alifungua zipu akamwaga kila kitu kwenye sufuria. "Siwezi weka chakula ndani ya suruali," alisema, "kama hakuna mtu anaenda mahali." Na kwa kuwa maharagwe yalikuwa mengi na wao ni wawili tu, watoto wote wa ngazi yetu waliitwa na bakuli zao.

Hivyo ndivyo nilivyokula safari za mtu tangu nikiwa na meno ya maziwa. Nimekula Mara. Nimekula Samburu. Nimekula Amboseli mara mbili, moja ikiwa na viazi. Na nitasema ukweli: hujui maharagwe yasiyo na jiwe ni nini mpaka ule ya mtu aliyeyachagua kwa ajili ya chui.

Sisi watoto tulimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, ingawa hakuna aliyekuwa na undugu naye, na mkewe tulimwita Cucu, yaani nyanya. Mimi aliniita Flash. Alisema huwa nawaka bila kuulizwa, na nikishawaka, kila mtu aliye karibu anabaki na sura mbaya. "Flash inafukuza wanyama," alinung'unika kila nilipokaa kwenye ngazi karibu naye. "Na binadamu pia." Alikuwa na haki yake. Wakati mmoja nilirudishwa nyumbani nilete mzazi kwa sababu nilimwiga naibu wa mwalimu mkuu akipiga chafya huku akitoa matangazo gwarideni, na kumbe mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Mpiga Picha alipopata habari hiyo aliniambia nirudie. Nikarudia. Alinitazama kama daktari anayesikiliza kifua.

"Chafya iko sawa," alisema. "Lakini umeharakisha. Mtu kama huyo, kabla apige chafya, kwanza anaangalia nani anamwona. Ukikosa hiyo, umekosa mtu mzima."

Hakuwa ananisifu. Alikuwa kazini.

Kibanda chake kilikuwa Kenyatta Market, kimebanwa kati ya saluni ambamo mama yangu husuka watu nywele na jiko la nyama choma. Moshi uliingia bila kubisha. Kwa sababu hiyo watu wote wa upande wetu wana macho mekundu kwenye pasipoti zao, na nadhani huko uwanja wa ndege wanatujua kama kabila la watu wanaolia.

"Usikunje uso," alimwambia mteja.

"Sikunji, mzee. Ni moshi."

"Basi ngoja upite. Hii picha utakaa nayo kushinda hiyo shati."

Hakupenda kupiga picha za watu, na hakujisumbua kuficha. Alisema binadamu akiona kamera anageuka kuwa shangazi yake, lakini swara ni swara tu, hata umpate akikojoa. Maharusi walimwogopa. Kulikuwa na harusi moja Karen, mtaa wa matajiri, kwenye bustani kubwa yenye miti iliyozeeka vizuri, na wakati wa kukata keki kima akashuka kutoka mtini, akachukua kipande, akapanda nacho juu ya hema. Bwana na bibi harusi walilishana keki peke yao. Mpiga Picha alikuwa amewapa mgongo. Familia ilipofungua albamu ilikuta kima akila keki kurasa nyingi, picha nzuri ajabu, unaona mpaka makombo kwenye ndevu, na maharusi wametokea pembeni kama watu wanaouliza njia. Mama wa bibi harusi alikuja sokoni kugomba, na nusu ya saluni ilitoka na rola kichwani kusikiliza.

"Huyo ndiye mgeni pekee aliyefurahi siku hiyo," Mpiga Picha alimwambia. "Ningefanya nini?"

Nilimuuliza baadaye kama sasa anaweza kusema amepiga picha ya mnyama wa pori, tuache kungoja. Alikasirika kweli.

"Huyo si wa pori. Huyo ni mkazi wa Karen."

Alichotaka ni chui. Na sababu yake ilikuwa imetundikwa pale pale kibandani, nyuma ya kiti cha wateja. Ilikuwa pazia iliyochorwa kwa rangi: nyasi, mlima wenye theluji, na chui amelala juu ya tawi. Aliyeichora hakuwahi kuona chui maishani, na inaonekana hata paka alimwona kwa mbali. Chui ana uso wa mtu anayeumwa na jino, na madoadoa yake yote ni duara moja lililopigwa kwa kifuniko cha chupa. Kila mtoto wa upande wetu amepigwa picha mbele ya huyo chui, siku ya ubatizo, siku ya kufunga shule, Krismasi. Mimi niko na yangu. Nina viatu vipya na ninalia, na chui nyuma yangu anaonekana kunihurumia.

"Nimewadanganya watoto wote hawa," alisema siku moja, akipangusa vumbi kwenye pazia. "Wanakua wakijua hii ndio chui." Alitaka kumpiga picha chui wa kweli kwa mkono wake, amfanye mkubwa ukuta mzima, amtundike hapo, na kila aliyewahi kukaa kwenye kile kiti arudi apigwe upya bila malipo. Hakuna kingine alichotaka duniani. Nilikuwa namcheka, lakini nilishachagua nguo nitakayovaa.

Basi alijiandaa. Nimewahi kuona watu wakijiandaa kwa mtihani, kwa mahakama, kwa kuolewa, na hakuna aliyemfikia. Wiki mbili kabla ya safari aliacha sabuni yenye manukato, akaoga kwa sabuni ya kipande ya kufulia, ili mnyama asimnuse. Cucu alisema mnyama hatamnusa, lakini kanisa lote limeshamnusa. Alivaa rangi ya udongo peke yake. Alijifunza kukaa kimya. Alitoa kigoda hadi kwenye ngazi, akaelekeza lenzi kwa paka wa keretaka, ambaye ni wa kahawia na madoa meusi na kwa hivyo alipandishwa cheo kuwa chui wa mazoezi. Paka huyo alikuwa na mahali pake, juu ya ukuta mfupi mwisho wa ujia, akiota jua. Mpiga Picha alimkodolea bila kutikisika, na sisi wote tukapita na ndoo na magunia ya makaa tukinyata, kwa sababu ukigusa ngazi kwa kisigino alikuambia, bila kugeuza kichwa, "Umeshaliwa."

Zoezi alilolipenda kuliko yote lilikuwa la leso. Alifunika kichwa na mikono kwa leso ya Cucu, na huko gizani akatoa lenzi moja na kuweka nyingine, bila kuona, bila vumbi kuingia. "Chui hatoki mchana," alieleza sauti ikitoka chini ya maua ya leso. "Giza likija, mikono lazima ijue nyumbani." Mimi nilikaa kando nikilia kama fisi ili azoee.

"Fisi hacheki hivyo," alisema. "Hiyo ni naibu wenu tena."

Na sasa jambo ambalo sijawahi kulielewa. Huyu mtu aliyetaka kukaa ana kwa ana na chui alikuwa anaogopa paka. Si kidogo. Siku moja yule wa keretaka alichoka kupigwa picha, akaja taratibu, akaruka juu ya mapaja yake. Mpiga Picha alishuka ngazi zote hadi getini na kiatu kimoja, kamera ameinua juu kama mtu anayevuka mto. Keretaka alifungua geti akidhani kuna moto.

"Guka," nikamwambia nilipompelekea kiatu, "na chui je?"

"Chui ana heshima," alisema akihema. "Chui hawezi kuja kukukalia."

Kuhusu kwa nini hakuenda, kila safari ilikuwa na ugonjwa wake. Mara moja mvua ilibeba barabara. Mara moja kulikuwa na matanga upande wa Cucu. Mara moja dereva aliyekubaliana naye alipata wazungu. Safari iliyofika mbali zaidi ya zote iliishia pale juu watu wanaposimama kuangalia Bonde la Ufa. Kulikuwa na ukungu, bonde lenyewe halikuonekana, na gari ya rafiki yake ilichemka ikakataa. Alirudi juu ya lori la kabeji akiwa na picha moja ya punda. Siku hiyo maharagwe yalikuwa na kabeji.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hata mtoto wa nasari aliweza kukiona. Kuna mbuga ya wanyama hapo Lang'ata. Ni karibu. Ukitoka kwetu asubuhi unaweza kuangalia simba na urudi upate chai bado ina moto. Nilimuuliza si mara moja.

"Guka, si uende tu hapo? Hata boda inafika geti."

"Na nyuma ya huyo mnyama kuna nini?"

"Nyasi?"

"Majengo," alisema. "Mnyama wa hapo amesimama na nyuma yake ni maghorofa. Mimi nimekaa maisha yangu yote kwa nyumba ya mtu, nikilipa kodi. Nikipata chui wangu, sitaki kuona landlord ndani ya picha."

Tulicheka, na Cucu jikoni akacheka, na mimi nikaona ni jibu zuri. Bado naona ni jibu zuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukungu ulianza mwaka jana. Alisema lenzi imeingia ukungu, ule wa kuvu unaoota ndani ya kioo vitu vikikaa kwenye unyevu. Akaipeleka kwa fundi wa kamera tao, katikati ya jiji. Ikarudi. Bado ina ukungu. Akaipeleka tena. Mara ya tatu nilienda naye kwa sababu kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka, na kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na mama alisema nikibaki nyumbani nitaua mtu kwa mdomo.

Fundi yuko kwenye ghorofa moja yenye ngazi za giza, karibu na watu wanaouza dawa za panya kwa vipaza sauti. Alikuwa kijana mpole mwenye bisibisi sikioni. Aliishika lenzi juu ya taa, akaizungusha.

"Mzee, hii nimefungua mara mbili. Ni safi."

"Iko na ukungu."

Fundi akachukua lenzi nyingine kwenye rafu, akaifunga kwenye kamera. "Angalia na hii."

Mpiga Picha akaweka jicho. "Hii pia iko nayo."

"Na hii?"

"Hii ndio mbaya kabisa."

"Guka," nikasema, "umeanza kununua ukungu kwa jumla?"

Fundi alinitazama kidogo, halafu akaegemea meza, akaongea kwa sauti ya chini kama anayeongea na babake. "Mzee, hebu jaribu na jicho la kushoto."

Akahamisha kamera. Pua yake ilisumbua, akainamisha kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu, akiangalia nje ya dirisha, kwenye ukuta wa jengo la ng'ambo ambapo hakukuwa na chochote isipokuwa nguo za mtu zimeanikwa.

"Eeh," alisema mwishowe. "Hii iko sawa."

Fundi hakutaka chochote kwa kazi ya siku hiyo.

Ilikuwa presha ya macho. Hospitalini walisema mshipa wa jicho la kulia umeshakufa, na kwamba hii presha haiumi, inakula kimya kimya kutoka kando, mtu akija kujua imeshashiba. Dawa ya matone ingepunguza mwendo wa jicho la pili. Kilichoenda hakirudi. Mpiga Picha alituletea habari hiyo sisi watoto kwenye ngazi kama anavyotuletea habari zote.

"La kulia limefika," alisema. "La kushoto liko kwa foleni."

Cucu alimtia matone asubuhi na jioni. Alimlaza kichwa kwenye mapaja yake kitandani, mlango ukiwa wazi, na yeye akalalamika kwamba anamwaga nusu kwenye sikio. Akaendelea kujiandaa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wa mtaa waliona ni wazimu, na mimi nilianza kuona si mzaha tena, nikaendelea kufanya mzaha kwa sababu sijui kufanya kitu kingine. Alijifunza upya kushika kamera kwa jicho la kushoto. Zoezi la leso alilifanya haraka kuliko zamani, kiasi kwamba siku moja aliacha kutumia leso. Akabadilisha lenzi hivi hivi, kwenye ngazi, jua linawaka, macho wazi, akiangalia mbele. Nilidhani anaringa.

Safari ya Mara ya kabla ya mvua ndefu ilijazwa maharagwe kama kawaida, na kama kawaida ikafa, daraja moja lilivunjika huko. Tukangoja harufu. Haikuja. Nilipanda kuuliza, maana nilikuwa nimeshaosha bakuli.

"Cucu, leo hatuli safari?"

Alikuwa anakunja nguo. "Wacha yakae humo," alisema. "Yatatumika."

Yakakaa humo. Mvua ndefu ikaja ikaisha, baridi ikaja, mfuko wa jinzi uko nyuma ya mlango umevimba, na hakuna aliyeugusa. Hapo ndipo nilipojua Cucu ameogopa kupika ya mwisho.

Mwezi wa nane, tukiwa likizo, Mpiga Picha aliteremka hadi saluni kwa mama yangu. Alikuja akishika ukuta. Alisimama mlangoni, na mama akaacha kichwa cha mtu nusu.

"Mama Flash," akasema. Ndivyo alivyomwita, na mama hajawahi kunisamehe. "Yule mteja wako mwenye gari, bado anakuja?"

"Bado, Guka."

"Muulize kama anaweza kutupeleka hapo Lang'ata. Hata kwa masaa machache."

Mama aliniangalia. Mimi nilikuwa nimekalia kreti ya soda nikila mahindi.

"Na majengo?" nikasema.

"Hata akiwa na majengo," alisema Mpiga Picha. "Hata akiwa na landlord amemshika mkono."

Mteja wa mama alikubali mara moja. Ikawa Jumamosi. Wiki hiyo fleti nzima iliingia kazini, hata wasiosafiri wakavaa rangi ya udongo na kuacha manukato. Keretaka aliahidi kumfungia maji kila mtu ambaye bomba lake litapiga kelele wakati wa mazoezi. Mama alinunua sabuni ya kipande na kunilazimisha niogee, kwa sababu nilikuwa nimejipachika kwenye safari kama macho ya akiba. Kazi yangu ingekuwa kusema "kushoto kidogo" na "kulia kidogo" na kufunga mdomo wakati mwingine wote. Cucu aliosha jaketi lake la mifuko mingi. Sijawahi kuona mtu akipiga pasi mifuko.

Ijumaa jioni, jua bado liko kwenye ujia, nilipanda na kumkuta kwenye kigoda chake cha mazoezi. Mfuko wa maharagwe ulikuwa juu ya ukingo wa ngazi, lenzi imelala juu yake, na yeye nyuma yake, jicho la kushoto limebandikwa, kichwa kimeinama kukwepa pua. Nikanyata. Nilinyata vizuri mpaka hata yeye hakusema nimeshaliwa. Nikakaa ngazi ya chini yake, nikangoja.

Alikuwa mzuri kumwangalia akifanya hivyo. Sijui nilisemeje. Kila mtu ninayemjua hutikisika, mimi kwanza, lakini yeye alipokaa nyuma ya kile kitu hata kifua hakikuonekana kupanda. Mikono yake ilikuwa myepesi juu ya lenzi. Alingoja hadi jua likashuka kidogo, likawa la manjano, na kidole kikabonyeza, polepole, mara moja tu. Hakuwahi kubonyeza mara mbili.

"Flash," akasema bila kugeuka. "Najua uko hapo. Unanuka sabuni ya kipande."

"Niko, Guka."

"Kuja uangalie. Huyu paka leo ametulia sana. Hata masikio hajachezesha. Niambie kama iko kali."

Nikapanda, akanigeuzia kioo cha nyuma cha kamera, nikainama.

Picha ilikuwa kali. Kamera yenyewe iliona vizuri kabisa. Ukuta ulikuwa hapo na ufa wake, mwanga wa manjano umeangukia pale pale anapoupenda, na juu ya ukuta, katikati, kila uzi ukihesabika, ilikuwa sweta ya Cucu. Ile ya kahawia yenye vitone vyeusi. Alikuwa ameifua akaikunjia hapo ikauke. Niliinua macho nikaangalia ujia mzima, ukuta, ngazi, tangi la maji. Hakukuwa na paka. Baadaye keretaka aliniambia paka alikuwa kwake getini tangu saa sita.

Nilikuwa na maneno. Mimi huwa nayo kila wakati, yanakuja yenyewe, na hata wakati huo yalikuja, mengine yalikuwa ya kuchekesha sana. Na ningeweza kusema tu, "Iko kali, Guka," na isingekuwa uongo. Mdomo ulifunguka. Nikasimama hapo nikiangalia sweta.

Mpiga Picha aliendelea kungoja, uso ameuinua kuelekea kwangu lakini kando kidogo, pale bega langu lilipo.

"Umenyamaza," akasema.

Nikapangusa kioo cha kamera kwa mkono wa shati.

"Flash. Wewe hujawahi kunyamaza."

Chini, mtu alifungua bomba, likafungwa haraka. Watu wote wa fleti walikuwa bado wanajizoeza kutuachia utulivu. Mpiga Picha alipapasa kamera akaizima. Akatoa lenzi, akaifunika kifuniko cha mbele na cha nyuma, akaiweka kwenye begi lake, kila kitu mahali pake, mikono ikijua nyumbani. Halafu akauchukua mfuko kutoka ukingoni, akaupakata, akatafuta zipu kwa kidole gumba.

"Mwambie Cucu aweke sufuria," akasema.

"Guka, kesho gari inakuja. Mimi nitakuwa nakuambia, kushoto kidogo, kulia..."

"Enda umwambie."

Cucu alitoa sinia kutoka chini ya kabati, akamletea pale pale kwenye kigoda, na yeye akamwaga maharagwe akayachagua kwa vidole kama alivyofanya siku zote, moja moja, uso ukiangalia kwenye ujia. Maharagwe yalikuwa yamekaa sana. Yalikataa kuiva. Harufu ilishuka ngazi polepole, ikapita mlango wetu, na nikasikia mama akiweka simu chini. Hakusema chochote kuhusu chui. Alipanda na bakuli yake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya, na keretaka naye akapanda, na tukakaa kwenye ngazi tukala, wakubwa na wadogo, tumevaa rangi za udongo na kunuka sabuni ya kufulia.

Mpiga Picha alikaa katikati yetu na bakuli magotini. "Yanataka chumvi?" aliuliza.

"Yako sawa, Guka," watu wakasema.

Kijiko changu cha pili kilikuwa na jiwe. Si kubwa, lakini meno yalilia, na nikasimamisha kutafuna. Tangu nizaliwe sijawahi kuuma jiwe kwenye maharagwe ya Mpiga Picha. Nikaona kichwa chake kinageuka kuelekea kwangu, taratibu, kama lenzi.

Nikalimeza. Halafu nikafungua mdomo haraka na kuanza kumwiga naibu wa mwalimu mkuu, chafya na matangazo na kila kitu, kwa sauti kubwa, kabla hajasikia kwamba nimenyamaza.